Feleji ya Kisu cha Sulubu

Mtu akishika kisu kipya cha kukunja, hukifungua na kutafuta herufi zilizochongwa kwenye bapa, karibu na bawaba. S35VN. M390. D2. MagnaCut. Akishaziona huguna, ama kwa kuridhika ama kwa dharau, ndipo ajaribu makali kwa ukucha wa dole gumba. Sina ugomvi naye, kwa kuwa hata mimi huzitafuta. Ila herufi hizo zinataja mchanganyiko tu: kaboni kiasi gani, kromiamu kiasi gani, vanadiamu kiasi gani. Hazisemi feleji hiyo iliingia kwenye moto wa nyuzijoto ngapi, ilipoozwa vipi, wala ukingo wake umechongwa kwa pembe ipi. Na kwa kisu cha kazi za sulubu, hayo yasiyoandikwa ndiyo huamua kama makali yatafika Ijumaa.

Kisu cha sulubu ninachokisema si kile cha kumenyea chungwa barazani. Ni kile kinacholala mfukoni mwa fundi bomba, mpakuaji wa mizigo bandarini, mkulima au baharia. Asubuhi kinakata kamba ya mkonge iliyoburutwa mchangani, mchana kinafungua maboksi, jioni kinakwangua gasketi iliyogandia kwenye injini, na siku bisibisi ikipotea chenyewe hulazimishwa kuwa bisibisi. Kisu kisichokunjwa, chenye bapa linalopenya hadi mwisho wa mpini, kingeyabeba haya bila shida. Cha kukunja kinategemea pini moja ya bawaba na komeo moja dogo, na bapa lake haliwezi kuwa nene mno, maana halitakata vizuri wala halitakaa mfukoni. Basi kile ambacho unene umeshindwa kutoa kinadaiwa kwenye feleji.

Makali hufa kwa njia nne. Yanaweza kulala: ukingo ulionolewa vizuri una upana usiofika hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na chuma kikiwa laini ukingo huo hujikunja upande. Yanaweza kumeguka: chuma ni kigumu lakini hakistahimili kishindo, kikikutana na msumari uliojificha ndani ya ubao kinaachia kipande. Yanaweza kulika, chembe kwa chembe, kwa sababu boksi na mkonge vyote hubeba mchanga na vumbi la madini. Na yanaweza kuliwa na kutu. Hili la mwisho watu hulisahau. Wanaangalia madoa ya rangi ya kahawia kwenye ubavu wa bapa, hali kutu huanza kazi yake pale palipo pembamba kuliko pote, yaani kwenye ukingo. Anayeishi karibu na bahari anajua kwamba kisu cha chuma cha kawaida kinaweza kuwa butu kabatini bila kukata kitu chochote.

Ukitaka kuyaona haya, chukua kioo cha kukuzia mara kumi, kaa dirishani, elekeza makali juu ili mwanga uyapige moja kwa moja. Makali mazima hayaonekani. Ni mstari mweusi tu kati ya mabavu mawili, kwa kuwa hakuna uso wa kutosha kurudisha mwanga. Palipolala panametameta kwa mstari mwembamba, na ukipitisha ukucha unakwama upande mmoja tu. Palipomeguka pana nukta inayong'aa yenye kingo kali, na ukucha unakwama pande zote mbili. Palipolika pana mng'ao hafifu, mpana, uliotandaa sehemu ndefu ya bapa. Kutu huacha vishimo, na vishimo havina mpangilio. Mnoaji mzoefu akiangalia hivyo kwa dakika moja anaweza kukuambia kisu kimefanya kazi gani na feleji yake imepungukiwa nini.

Ugumu ndio dawa ya makali kulala, na una namba yake. Kipimo cha Rockwell, kilichobuniwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 20 katika kiwanda cha bearingi, hukandamiza koni ya almasi kwenye chuma kwa uzito wa kilo 150 na kusoma imezama kiasi gani. Visu vingi vya mfukoni huangukia kati ya 56 na 64. Ustahimilivu wa kishindo nao hupimwa kwa nyundo inayoning'inia, inayoachiwa ivunje kipande cha chuma. Ukiziweka namba hizo mbili pamoja unaona kero yote ya fani hii: kwa feleji ile ile, ukipandisha moja nyingine kwa kawaida hushuka. Kadhalika chembe zinazozuia kulika ndizo zinazopunguza ustahimilivu. Adui ni wanne, na dawa ya mmoja mara nyingi ni sumu ya mwingine.

Kabla ya kubuniwa feleji za unga, feleji za visu kwa kawaida zilitoka kwenye kalibu. 440C na D2, ambazo bado zipo madukani, zikiyeyushwa humwagwa na kuachwa zigande taratibu, na katika kuganda huko kaboni hukamatana na kromiamu zikawa chembe ngumu ziitwazo kabaidi. Kabaidi ndani ya feleji hufanya kazi ya kokoto ndani ya zege: laini inayozunguka hushikilia, ngumu hupokea mkwaruzo. Lakini ingoti kubwa inayopoa polepole huzipa chembe hizo muda wa kukua. Katika D2 ya kawaida zinaweza kufika sehemu 50 za elfu za milimita, wakati ukingo wenyewe, kama nilivyosema, haufiki hata sehemu moja. Hapo kokoto ni kubwa kuliko ukuta. Ama inang'oka na kuacha pengo, ama ufa unaanzia pembeni yake.

Dawa ilitoka kwa Crucible, kampuni ya Syracuse, jimbo la New York, ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianza kuuza feleji za unga. Njia yenyewe naiona kuwa miongoni mwa kazi nzuri kabisa za wahunzi wa zama hizi, ingawa hakuna nyundo ya mtu inayosikika ndani yake. Feleji iliyoyeyuka inaachiwa ishuke kwa mchirizi mwembamba, na mchirizi huo unapigwa na gesi ya naitrojeni yenye shinikizo kubwa. Unatawanyika kuwa matone madogo mno, na kila tone linaganda kabla halijafika chini. Kila punje ya unga ule ni ingoti kamili, yenye mchanganyiko wote ndani yake, ila imeganda upesi kiasi kwamba kabaidi hazikupata nafasi ya kukua. Unga unachekechwa, unajazwa kwenye mkebe mkubwa wa chuma, hewa inanyonywa, mkebe unazibwa kwa kuchomelewa, kisha unaingizwa kwenye chombo ambamo joto na shinikizo huubana kutoka pande zote hadi unga unakuwa chuma kimoja kisicho na tundu. Baada ya hapo kinafuliwa na kusawazishwa kwa vinu kama chuma kingine chochote. Kabaidi zilizobaki ndani yake zina ukubwa wa sehemu mbili hadi nne za elfu za milimita, na zimetawanyika sawasawa.

(Kudhibiti kaboni, tukumbushane, si elimu ya jana. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Viktoria, walikuwa wakipata feleji tanurini zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, kwa kuipasha hewa moto kabla haijayafikia madini.)

Hata hivyo, kwa miaka mingi feleji za unga hazikutengenezwa kwa ajili ya visu. Zilikusudiwa vyombo vya kukatia vyuma na vya kupiga chapa viwandani, na watengeneza visu walikuwa waazimaji tu. Bob Loveless wa California, aliyeheshimiwa kuliko karibu mtengeneza visu yeyote wa Marekani wa wakati wake, mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliazima 154CM, na hiyo haikuwa hata ya unga. Ilikuwa feleji ya viwandani. Kuazima kuna adabu zake: unachukua kilichopo, unashukuru, na unavumilia kisichokufaa.

Mambo yalibadilika mwaka 2001. Dick Barber, mtaalamu wa Crucible, alikaa na watengeneza visu na kuwauliza wanataka nini. Mmoja wao alikuwa Chris Reeve, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia Boise, Idaho, ambaye kisu chake cha kukunja, Sebenza, kilibeba jina la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi. Reeve alikwisha kuifanyia fani hii jambo kubwa: badala ya kuweka komeo kama kipande cha pekee, aliipasua sehemu ya mpini wenyewe wa titani ikawa ulimi unaoruka nyuma ya bapa na kulizuia. Kadiri unavyokaza mkono ndivyo unavyolikaza komeo. Sasa alitaka bapa la kufanana na komeo lile. Kilichozaliwa ni CPM S30V: kaboni asilimia 1.45, kromiamu 14, vanadiamu 4, molibdenamu 2. Ndiyo feleji ya kwanza ya Crucible kupangwa tangu mwanzo kwa ajili ya kisu.

S30V ni feleji nzuri iliyosumbua watu. Kabaidi za vanadiamu ni ngumu kuliko za kromiamu karibu mara mbili, na mikanda ya msasa kiwandani ilikwisha haraka ikijaribu kuichonga. Mikononi mwa wengine makali yake yalimeguka. Reeve aliiacha ya kwake kwenye ugumu wa 58 hadi 59, wanunuzi wakanung'unika kwamba makali hayadumu. Mimi namtetea. Anayeuza kisu cha sulubu hajui mnunuzi atakitia kwenye nini, na ukingo uliolala hunyooshwa kwa dakika chache mezani, lakini uliomeguka unahitaji kuondolewa chuma hadi pengo liishe. Mwaka 2009 ikaja S35VN, ambayo vanadiamu yake ilipunguzwa hadi 3 na kuongezwa nusu asilimia ya niobiamu. Ikachongeka kwa urahisi zaidi, ikastahimili zaidi kidogo. Mabadiliko madogo, ya watu wanaosikiliza malalamiko.

Lakini fumbo la kromiamu lilikuwa bado. Huwa tunaambiwa kwamba chuma kikiwa na kromiamu ya asilimia 12 au 13 hakishiki kutu, na kwa kijiko cha mezani hiyo ni kweli. D2 ina kromiamu karibu asilimia 12 na inashika kutu. Sababu ni kwamba kromiamu inayolinda ni ile iliyoyeyukia ndani ya feleji, si ile iliyofungwa na kaboni ndani ya kabaidi. D2 ina kaboni ya asilimia moja na nusu, na kaboni hiyo hujitwalia sehemu kubwa ya kromiamu. Wahandisi walilijibu hilo kwa kumimina kromiamu zaidi. M390 ya Böhler, kampuni ya Austria, imefika asilimia 20, na kaboni 1.9. Haishiki kutu kwa urahisi, hukata maboksi kwa wiki nyingi bila kunolewa, lakini imejaa kabaidi, nyingi zikiwa za kromiamu ambazo ni kubwa kuliko za vanadiamu, na ustahimilivu wake wa kishindo ni mdogo kuliko bei yake.

Aliyelifumbua ni Larrin Thomas. Baba yake, Devin Thomas, ni mfuaji mashuhuri wa feleji ya Damaski, ile yenye mawimbi ya rangi mbili. Mtoto akaenda kusomea madini na metali hadi shahada ya uzamivu, akafanya kazi kwenye feleji za magari, na pembeni akawa anapima feleji za visu moja baada ya nyingine, anavunja vipande, anapiga picha za kabaidi kwa hadubini, anaandika. Kitabu chake, Knife Engineering, kilitoka mwaka 2020. Mwaka uliofuata Crucible ikatoa feleji aliyoipanga yeye, MagnaCut.

Tazama hesabu zake: kaboni 1.15, kromiamu 10.7, vanadiamu 4, niobiamu 2, molibdenamu 2, naitrojeni 0.2. Mtu aliyezoea kusoma majedwali angeona kromiamu 10.7 akasema hii itashika kutu. Haishiki kirahisi, inaizidi S35VN yenye 14. Vanadiamu na niobiamu huikamata kaboni kwanza, kabla kromiamu haijaifikia, na kaboni yenyewe imepimwa isizidi kiasi cha wapokeaji hao. Baada ya kukaushwa motoni, yaani kutiwa ugumu kwa joto, hakuna kabaidi za kromiamu zinazobaki. Kromiamu yote, ingawa ni kidogo, iko huru ndani ya feleji na inafanya kazi ya kulinda. Na kwa kuwa zile chembe kubwa hazipo, ustahimilivu umepanda hadi kukaribia feleji kama CPM CruWear, ambazo watu wa kazi ngumu walikuwa wakizitumia huku wakizipaka mafuta kila jioni.

Nimeisoma hesabu ile mara nyingi na bado inanipendeza. Fani nzima ilikuwa ikienda kwenye kuongeza: kromiamu zaidi, vanadiamu zaidi, majina marefu zaidi. Thomas alitatua kwa kupunguza, na kwa kujua ni kipi kinamkamata nani kwanza ndani ya moto. Crucible yenyewe haikudumu kufaidi. Iliwasilisha maombi ya ufilisi Desemba 2024, na haki za feleji zake zikaangukia kwa Erasteel, kampuni ya Ulaya yenye uzoefu wa miaka mingi katika feleji za unga.

Hata hivyo bamba la MagnaCut likitoka kinuni ni chuma laini tu. Unaweza kulitoboa kwa drili ya kawaida, na ukilinoa halitakaa na makali hata kwa boksi moja. Kinacholigeuza ni tanuri, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo.

Mtengeneza visu mwenye karakana ndogo hukata bapa, hutoboa tundu la bawaba na kuchonga pale komeo litakapogusa, yote chuma kikiwa laini. Kisha hulifunga bapa kwenye karatasi nyembamba ya chuma kisichoshika kutu, na kuikunja kingo zake mara mbili ili hewa isipite, kwa sababu hewa kwenye joto kubwa hula kaboni ya juu na kuacha ngozi laini. Tanuri ya umeme inapandishwa hadi nyuzijoto 1,120 hivi. Bapa linaingia. Robo saa, dakika ishirini. Hapo ndani kabaidi zinayeyuka kwa kiasi, zikiachia kaboni na kromiamu ziingie kwenye feleji. Zikiyeyuka kidogo mno, feleji haitakuwa ngumu wala haitazuia kutu. Joto likizidi mno, punje za chuma hukua na ustahimilivu hupotea. Na huwezi kuliona jambo hili kwa macho. Rangi ya manjano iliyokolea inayowaka ndani ya tanuri haikuambii kama ni 1,080 au 1,130. Unategemea kipimajoto ulichokihakiki, na nidhamu ya kutofungua mlango kabla ya wakati.

Bapa likitoka, haliingii majini wala kwenye mafuta. Linawekwa kati ya mabamba mawili mazito ya alumini, na fundi analala juu yake kwa uzito wake wote au analibana kwa jiliwa. Alumini hunyonya joto upesi na kulinyoosha bapa kwa wakati mmoja. Baada ya dakika chache anafungua karatasi na kulishika kwa mkono. Analiinua usawa wa jicho na kutazama mgongo wake. Likiwa limepinda kidogo, huu ndio wakati wa kulirekebisha, kabla halijawa gumu kabisa. Kisha linashushwa ndani ya naitrojeni kimiminika yenye baridi ya nyuzijoto 196 chini ya sifuri. Wengi hudhani baridi hii ni mbwembwe za matangazo. Sivyo. Feleji yenye kaboni na kromiamu nyingi ikipoa hadi joto la chumba huwa haijamaliza kugeuka. Sehemu yake hubaki laini, na baridi hiyo ndiyo inayolazimisha ugeukaji umalizike. Mwisho bapa linarudi kwenye joto dogo, nyuzijoto 175 hivi, saa mbili, linapoa, saa mbili tena. Hapo mkazo uliojazana ndani unalegezwa. Likipimwa linasoma 62 au 63.

Kuna njia ya mkato. Ukilirudisha kwenye joto la nyuzijoto 500 na ushei badala ya 175, unaweza kufika ugumu uo huo bila naitrojeni. Namba ya Rockwell itakuwa nzuri na mnunuzi hatajua. Lakini kwa joto hilo kromiamu huanza kujikusanya upya, na kinga ya kutu uliyoilipia inapungua. Visu viwili vyenye herufi zile zile na ugumu ule ule vinaweza kutofautiana hivyo, na tofauti itajulikana siku kimoja kikilala na jasho mfukoni.

Kwa ushahidi kwamba tanuri hushinda jina, mfano mzuri ni Buck 110. Kisu hiki cha kukunja chenye mpini wa mbao na shaba kilianza kuuzwa mwaka 1964, kampuni ikiwa San Diego; siku hizi iko Idaho. Feleji yake ya miongo mingi sasa, 420HC, ina kaboni isiyofika nusu asilimia, na wapenda majina makubwa huicheka. Kilichoibeba ni mikono ya Paul Bos, fundi wa kukausha feleji ambaye watengeneza visu wengi wa Marekani walimtumia mabapa yao, na aliyeipangia Buck utaratibu wa joto na baridi. Kwa utaratibu ule 420HC hufika 58, haishiki kutu ovyo, haimeguki kwa kishindo, na mwindaji anaweza kuinoa porini kwa jiwe lolote. Ni feleji ya bei ndogo iliyotendewa kwa heshima.

Nimetaja kunoa, na kunoa ndiko kunakowaumbua wanunuzi wengi. Kabaidi ya vanadiamu ni ngumu kuliko oksidi ya alumini, ambayo ndiyo punje za vinoo vingi vya dukani. Ukiinoa S30V au M390 kwa kinoo hicho unasugua chuma kilichozizunguka chembe huku chembe zenyewe zikikudharau. Uzi mwembamba wa chuma unaojitokeza ukingoni haukatiki, unageuka tu upande huu na ule, na mtu anaishia kusema feleji hii hainoleki. Inanoleka, kwa bamba la almasi na mkono mwepesi. Anayejua kwamba hatanunua bamba la almasi asinunue feleji ya vanadiamu nyingi. Jingine: makali ya kiwandani mara nyingi huwa yamepata joto kwenye mkanda wa msasa wakati wa kunolewa mara ya kwanza, na ukingo ule mwembamba ukawa umelegea. Kisu kipya kikikuvunja moyo, kinoe mara mbili au tatu kabla hujakihukumu.

Pembe nayo ina neno. Kutoka digrii 25 kila upande hadi 17 ni mabadiliko ambayo mkono unayahisi papo hapo, kuliko kubadilisha feleji ya bei ya kati kwa ile ya bei ya juu. Mashine ya taasisi ya CATRA ya Sheffield, Uingereza, inayokatisha bapa kwenye mafungu ya karatasi zilizochanganywa na mchanga, imelionyesha hilo mara nyingi: makali membamba hukata zaidi na huendelea kukata. Lakini wembamba unahitaji feleji yenye kuustahimili, na hapa ndipo pesa ya feleji bora inaporudi. MagnaCut iliyokaushwa vizuri inakubali digrii 17 na kazi ya sulubu. M390 kwa pembe hiyo na kazi hiyo naionea mashaka.

Basi nikiulizwa nichague. Kwa fundi wa nchi kavu anayepiga, anayesokota, na asiyeona taabu kupaka mafuta, CPM CruWear bado ni feleji ya kiume, na makovu yake ya kijivu baada ya mwaka si kutu bali ni umri. Kwa mpakuaji wa maboksi anayekata siku nzima bila kugonga kitu kigumu, M390 itampa raha, mradi ana almasi nyumbani. Kwa baharia ambaye kisu chake hulala kwenye maji ya chumvi, ipo LC200N, inayotumia naitrojeni kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni. Ni nadra mno kuliwa na kutu, ila inachakaa mapema kuliko nyingine, na atazoea kuinoa mara kwa mara. Mwenye mfuko mwembamba asione haya: 14C28N, iliyobuniwa na Sandvik ya Uswidi, haitoki kwenye unga wala haina vanadiamu, lakini kabaidi zake ni ndogo tangu asili, hustahimili kishindo kuliko nyingi zinazoizidi bei, na inanoleka kwa kinoo cha kawaida. D2 ningeiacha dukani.

Kwa kisu kimoja cha kukunja cha kila kazi, kwa mtu wa pwani anayetoka jasho, mwaka huu ningenunua MagnaCut ya 62 hadi 63 yenye bapa la unene wa milimita tatu hivi, kutoka kwa mtengenezaji anayetaja ugumu wake waziwazi bila kubembelezwa. Asiyeutaja, hata akichonga herufi gani kwenye bapa lake, fedha yangu haipati.